Tofali Lililokataa Kuzibwa

Jumamosi, 4 Mei

Mjomba Masizi,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua isianze na malalamiko, kwa hiyo nimeanza na shikamoo. Malalamiko yanafuata.

Jiko la kuni ulilomjengea Bibi linanuka. Najua wewe na Mama mliniita Pua kwa sababu nilikuwa nanusa maziwa kabla ya kuyanywa, na najua utasema Pua kaanza tena. Safari hii si mimi peke yangu. Jirani wa mbele amehamisha kamba yake ya nguo. Ni harufu ya kitu kilichokuwa chakula kikabadili mawazo. Kuni zikishika moto harufu inakuwa nzito, inaingia kwenye sare yangu ya shule, na darasani mwenzangu wa dawati amesogeza kiti chake hadi ukutani. Moshi nao haupandi tena kwenye dohani. Unatokea ubavuni mwa jiko, kwenye ufa.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia wewe. Jumapili iliyopita Mjomba Mkubwa alikuja na mkewe. Mkewe alikaa ukingoni mwa kiti, leso puani, hakugusa hata maji. Mjomba Mkubwa alizunguka jikoni kama mkaguzi, akasema, "Mama, nyumba hii imekushinda. Natafuta sababu moja tu. Nikirudi mwezi wa sita nikakuta harufu hii, unafunga mizigo uje ukae kwangu."

Bibi akamjibu, "Mizigo gani? Nina sufuria na mjukuu."

"Mjukuu atarudi kwa mama yake."

Mjomba, wewe unajua Mama analala wapi. Analala stoo, katika nyumba ya watu anaowapikia. Mimi hapo sitoshi, na shule hakuna karibu. Mtihani wangu wa mwisho ni mwezi wa kumi na moja. Bibi akiondoka hapa, na mimi nimekwisha.

Leo Bibi alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, niliingiza kichwa ndani ya jiko. Masizi yameshikana na mafuta, yananing'inia kama kamasi nyeusi. Ukutani nyuma, upande wa kushoto, kuna tofali linacheza kama jino la mtoto. Nililigusa, akatoka mdudu mweupe, akaniangalia. Nikagonga kichwa kwenye mlango wa chuma. Sikutapika, ila nilikaribia.

Naomba unieleze namna ya kulitengeneza, kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Simu yako haipatikani huko, kwa hiyo barua hii anaileta dereva wa lori la matofali.

Mpwa wako,
Pua


Ijumaa, 10 Mei

Pua,

Marahaba. Barua yako imefika na alama ya kidole cha masizi, nikajua habari ni ya kweli.

Tofali kucheza ni ugonjwa mdogo. Acha jiko lipoe kabisa, majivu yote yatoke, kisha livute tofali taratibu. Nyuma yake, kati ya ukuta wa ndani na ule wa nje, niliacha nafasi ya upana wa kiganja nikaijaza majivu makavu. Hilo ndilo blanketi la jiko, linazuia joto lisipotee. Angalia kama bado yapo. Nadhani panya ameyachimbua, akahamia humo, akafia humo.

Kwangua matope ya zamani yote. Lowesha tofali na tundu lake, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya matope na matope hupasuka. Kisha changanya udongo wa kichuguu, mchanga uliochekechwa na kinyesi cha ng'ombe. Kibichi, Pua. Kilichokauka hakishiki. Wala usikoroge kwa kijiti; kanda kwa mkono mpaka usisikie donge. Usitie saruji hata mtu akuapie, maana saruji na moto ni wake wenza, hawakai chumba kimoja. Ukimaliza, acha pakauke siku kadhaa, mpike nje kwenye mafiga, halafu uanze na moto mdogo wa vijiti.

Najua utasikia kinyaa. Ukingoja kiishe kwanza, utazeeka umesimama mlangoni mwa jiko. Wewe ingiza mkono. Kinyaa kitakukuta ukiwa kazini.

Kuhusu kaka yangu, usimchukie. Ni mtu msafi tu. Tangu utotoni alikula ndizi kwa uma. Usimwambie nimesema.

Mjomba wako,
Masizi


Jumapili, 19 Mei

Mjomba Masizi,

Shikamoo.

Kilikuwa cha moto. Hukuniambia kwamba kinyesi cha ng'ombe kibichi ni cha moto. Muuza maziwa alinipa kwenye ndoo huku akicheka hadi akashika mlango wa zizi. Nilikikanda kama ulivyosema, kikapenya kati ya vidole, kikaingia chini ya kucha, na inzi wote wa mtaa wakaja kuhudhuria.

Lakini hicho kilikuwa nafuu. Nyuma ya tofali hapakuwa na majivu, isipokuwa kidogo kwenye kona ya chini, yameganda. Palipobaki palijaa uji mweusi wenye mafuta, na ndani ya uji palikuwa na nyama. Nyama, Mjomba! Nyingine imeota manyoya ya kijani, nyingine inatembezwa na funza. Nilifunga soksi puani nikaitoa kwa kijiko kikuukuu, nikaizika nyuma ya choo. Kijiko nacho nikakizika. Huyo panya wako ni mwizi wa ajabu, maana sikuona unyoya wake wala mavi yake. Labda amehama na kuacha akiba.

Bibi alisimama nyuma yangu muda wote. Akasema, "Mke mwenzangu, liache hilo tofali. Jiko linahitaji kupumua."

Nikamwambia, "Bibi, linapumulia puani mwetu."

Hakucheka. Sijazoea utani wangu na Bibi uanguke chini bila wa kuuokota. Siku hizi hata chakula hatuli pamoja. Anapakua chake, anakula jikoni peke yake, mimi ananifukuzia kwenye vitabu. "Mtihani hauli nyama," anasema. Na akiongea anafunika mdomo kwa ncha ya mtandio na kusema maneno machache kwa sauti nzito. Kwa hiyo hata yeye harufu inamshinda, ila hataki kukiri.

Tofali nimeliziba. Nimelisawazisha kwa kiganja hadi ukuta ukawa kama haujawahi kuumwa. Nimejisikia vizuri, ingawa mikono yangu inanuka hata baada ya kuiosha kwa ndimu.

Nimeambatanisha barua ya Bibi. Ameishona kwa uzi na sindano ili nisifungue. Nisingefungua.

Mpwa wako,
Pua


Siku hiyohiyo

Kwa mwanangu wa mwisho,

Hujambo. Sikuulizi kwa nini huji, maana ukija utaanza maswali.

Umemfundisha mtoto kupaka kinyesi kwenye jiko langu, na kusema kweli anapaka vizuri kuliko wewe. Shida ni ile pua. Ni pua ya mbwa wa polisi. Naomba umwandikie kwamba lile tofali la kushoto uliliacha huru kwa makusudi, kwa sababu za kifundi. Tafuta maneno magumu, nyinyi mafundi hamkosi. Usiseme nimekuomba.

Kaka yako asisikie neno. Amesema anatafuta sababu moja. Mtu anayetafuta sababu, ukimpa punje ataenda nayo nyumbani akaifanye gunia. Nyumba yake naijua. Chumba atakachonipa dirisha lake linatazama ukuta, na kila nikikohoa mkewe atafungua mlango.

Mimi nakula vizuri sana. Nyama naitafuna hadi mfupa. Afya ni njema.

Mama yako


Jumamosi, 25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sikungoja jibu lako, kwa sababu ningepasuka.

Leo nimechungulia jikoni kabla ya kuwasha moto wa vijiti. Matope yangu yamekatwa. Hayakupasuka, yamekatwa yakiwa mabichi, kuzunguka tofali pande zote, mstari umenyooka. Hakuna panya mwenye kisu. Nikalivuta tofali, na nyuma yake nikakuta nyama ya jana. Niliijua kwa sababu niliipika mimi, na vitunguu vyake nilivikata mimi. Imelala pale inang'aa mate.

Nikatoka nayo kwenye kifuniko cha sufuria hadi uani alipokuwa Bibi. Nikamuuliza kama ni yeye. Akavuta mtandio mdomoni. Nikasema, "Bibi, unanitia kinyaa."

Akasema, "Hata mimi." Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia uwanja ambao alishaufagia.

Sijui, Mjomba. Labda akili zinamwacha. Labda Mjomba Mkubwa ana haki. Mtu mzima anayeficha nyama iliyolambwa ndani ya ukuta wa jiko si mtu wa kuishi na mtoto wa shule. Nimeandika hivyo, sasa nikisoma naona aibu, lakini sifuti, kwa sababu nyumba yote inanuka na mimi ndiye ninayelala humu.

Pua


Alhamisi, 30 Mei

Pua,

Marahaba.

Usimwandikie kaka yangu bado.

Barua ya Mama ni ya Mama, siwezi kukupa. Nitakuambia jambo moja tu. Tangu niondoke nyumbani hajawahi kuniandikia kwamba anakula vizuri. Huniandikia kilichopungua: chumvi, kuni, mtoto asiyekuja kumwona. Safari hii ameandika kwamba anatafuna nyama hadi mfupa, na mimi sikuwa nimeuliza.

Irudie ile nyama uitazame. Najua, Pua. Itazame hivyohivyo. Je, imetafunwa?

Na yale majivu yaliyoganda kwenye kona, umeyatoa?

Masizi


Alhamisi, 6 Juni

Mjomba Masizi,

Shikamoo.

Haikutafunwa. Nilikuta amerudia kuificha mlemle, nikaipanga mezani juu ya gazeti, kipande kwa kipande, ile ya juzi na ile ya siku ya kabla yake. Imenyonywa hadi imekuwa nyeupe pembeni, imelainika kama sabuni iliyoachwa majini, lakini hakuna alama ya jino hata moja.

Kisha nikaingiza mkono hadi begani kuyafikia yale majivu ya kwenye kona. Kulikuwa na kitambaa kimefungwa fundo. Nikakivuta, nikakifungua, na meno yakanicheka.

Yalikuwa meno ya bandia ya Bibi. Ule ufizi wa plastiki ulikuwa umeyeyuka na kuvimba kama lami juani, meno ya mbele yamelala upande mmoja, masizi kwenye kila mwanya, na unywele mmoja mweupe umeganda katikati. Niliyatupa, nikapiga kelele, nikatapika kwenye ndoo ya majivu. Safari hii nilitapika kweli.

Bibi aliingia. Hakujifunika. Mdomo wake ulikuwa umezama ndani kama mfuko uliovutwa kamba. Akainama, akayaokota, akayafuta kwenye gauni lake.

"Haya, umeyaona," akasema. Sauti ilikuwa inavuja upepo.

"Yamekuwaje?"

"Nilikuwa napuliza moto. Kuni mbichi, zinalia tu. Nikavuta pumzi kutoka kwenye visigino, nikapuliza. Moto ukawaka, na meno yakaenda kuusalimia."

Sikujua kama inaruhusiwa kucheka.

"Cheka," akasema. "Mwenyewe nilicheka huku natafuta koleo. Halafu nikakumbuka ni nani alinipeleka kutengenezewa, na kwamba alisema mwenyewe, Mama, haya uyatunze. Nikaona hiyo ndiyo sababu yake moja. Mtu aliyeunguza meno yake mwenyewe kesho si ataunguza nyumba?"

Nikamuuliza kwa nini hakuitupa nyama nje kama watu.

"Niliitupa. Mbwa wa jirani akairudisha mlangoni, na jirani nyuma yake: Mama, siku hizi mnamwaga nyama? Nikasema basi niitie jikoni iungue. Kumbe yule mwanangu alijenga ukuta mzuri mno, nyuma yake hakiungui kitu!"

Hiyo ni sifa yako, Mjomba, ipokee.

Nikauliza swali ambalo sasa natamani nisingeuliza. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Akaniangalia. "Wewe unanusa maziwa kabla ya kuyanywa, mjukuu wangu. Mdomo huu ningekuonyeshaje?"

Nilikwenda kusafisha ndoo. Nilisafisha muda mrefu.

Jioni niliponda maharage, nikaikatakata nyama hadi ikawa kama unga, tukala pamoja mezani. Aliongeza mara mbili. Anapotafuna kwa ufizi hutoa sauti, Mjomba, na mate hutoka pembeni, na kidevu hupanda karibu na pua. Niligeuza uso mara moja. Nadhani hakuona.

Mjomba Mkubwa anakuja Jumapili ya tarehe 16. Je, nilizibe tena kwa mchanganyiko uleule? Na yeye tumwambie nini?

Mpwa wako,
Pua


Jumatatu, 10 Juni

Pua,

Marahaba.

Mchanganyiko uleule. Safari hii chekecha majivu makavu kwanza, yajaze nyuma hadi juu, uyashindilie kwa kijiti, ndipo uweke tofali. Ule ufa wa nje nao uupake. Kama udongo haujakauka vizuri siku ya wageni, wapikieni nje, asikudanganye mtu uwashe moto mkubwa.

Dereva atakupa kibomba cha chuma nilichokata mwenyewe. Ni cha kupulizia moto. Mama asimame mbali, apulizie humo. Mwambie huo ni ufundi, si uzee.

Kuhusu kaka yangu, hiyo si kazi ya matope. Mdomo ni wa Mama. Atasema au hatasema. Wewe usimwahi.

Masizi


Jumamosi, 20 Julai

Mjomba Masizi,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya majaribio ya shule, na kwa sababu nilitaka kwanza nione mambo yanaishia wapi.

Tofali limeshika. Siku ile Mjomba Mkubwa alipoingia, tulikuwa tumeshawasha vijiti, na moshi ulikuwa unapanda kwenye dohani kama mwanafunzi aliyeambiwa apange mstari. Alinusa mlangoni. Alinusa jikoni. Aliinama akanusa ndani ya jiko lenyewe, tai ikagusa masizi. "Hakuna harufu," akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyebeba mwavuli siku ya jua.

Tukakaa mezani. Mkewe alikuwa ameleta nyama ya kuchoma. Akachagua pande nene kuliko yote, akaliweka kwenye sahani ya Bibi. "Karibu Mama, laini kabisa hii."

Bibi akaitazama nyama. Nyama ikamtazama Bibi. Mkono wangu ukaanza kwenda kwenye sahani yake, nikakumbuka maneno yako, nikaikalia mikono yote miwili.

Bibi akashusha mtandio. "Mwanangu," akasema, "ulitafuta sababu moja. Ndiyo hii." Akafungua mdomo wote, hadi koo likaonekana.

Leso ya mkewe ikapanda yenyewe.

"Meno yako wapi?" akauliza Mjomba Mkubwa.

"Yaliungua."

"Lini?"

"Kabla hujaja kunikagua."

"Mama, muda wote huo! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nikiwa wapi? Hapa kwangu, au ndani ya gari lako na mizigo miguuni?"

Mjomba Mkubwa akaomba kuyaona. Niliyaleta kwenye kile kitambaa chake, akayashika kwa vidole viwili, mbali na shati, pua imejikunja na mdomo umekwenda upande. Mjomba, ule uso ni wangu. Ni ule ule wa kunusa maziwa. Niliwahi kujiona nao kwenye kioo. Sikuupenda. Nilijiuliza Bibi ameutazama mara ngapi.

Mjomba Mkubwa akayaweka chini, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Aliporudi mezani akaomba uma na kisu. Nilidhani anataka kula. Akaivuta sahani ya Bibi, akaanza kuikata ile nyama. Aliikata vipande vidogo, halafu vidogo zaidi, hadi mkewe akamwambia inatosha, na yeye akaendelea. Ilipokuwa kama mchanga akairudisha mbele ya Bibi.

"Mtihani wako ni lini?" akaniuliza bila kunitazama.

"Mwezi wa kumi na moja, Mjomba."

"Basi. Tutaongea baada ya mtihani."

Akaivuta sahani yake, akaanza kula kwa uma.

Wiki iliyofuata alikuja kumchukua Bibi, wakarudi wamepima meno mengine, na sasa yamefika. Yale ya zamani Bibi amekataa yatupwe, anasema mbwa wa jirani angeyarudisha. Siku moja nilipolifungua tofali kujazia majivu yaliyoshuka, aliyachomeka humo mwenyewe, ndipo nikaziba mara ya mwisho. Kwa hiyo jiko lako lina meno. Halivuji hata kidogo.

Meno mapya Bibi huyavua wakati wa kulala, nayaosha mimi. Vidole vyake vinatetemeka na nilihofia ayaangushe. Yana utelezi, Mjomba, na nyuzi za mboga kwenye mianya, na ni ya vuguvugu yakitoka mdomoni, kama kile kinyesi cha ng'ombe. Bado nasikia kinyaa. Nilitegemea kingekuwa kimeisha. Kila jioni naingiza mkono kwenye bakuli, kinanikuta nikiwa kazini, na naendelea kupiga mswaki.

Niombee kwenye mtihani.

Mpwa wako,
Pua


Mwanangu,

Nimeongeza hapa chini mwenyewe wakati amekwenda kuchota maji, na barua nitaishona mimi, hataona.

Kibomba chako ni kizuri. Napuliza moto nimesimama wima kama mpiga tarumbeta.

Huyu mtoto anayaosha meno yangu kwa sabuni ya kufulia, na hasuuzi vizuri. Jana nilikuwa naongea na jirani, nikatoa povu. Jirani akarudi nyuma.

Usimwambie. Mwache aendelee.

Mama yako